Nilimchafulia Fundi Jina

Baba mkwe alinipa pauni 280 nikatafute sporani ya harusi yangu. Niliyovaa siku hiyo niliinunua kwa pauni 45. Lingeishia hapo lingekuwa kosa la tamaa tu, na ningeshaliungama zamani. Lililonifunga mdomo miaka 6 ni jibu nililompa alipoishika mkononi na kuniuliza ni kazi ya nani.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, halina mfuko hata mmoja. Funguo, hela, leso, vyote hukaa kwenye mkoba unaoning'inia mbele, chini ya kiuno. Hiyo ndiyo sporani. Neno ni la Kigaeli na maana yake ni mkoba wa fedha, basi. Iko ya mchana, ya ngozi tupu, mara nyingi na vishada vitatu mbele. Iko ya jioni, ya manyoya, yenye ukingo wa madini ulionakshiwa mdomoni. Na iko ya wapiga zumari na askari, ya singa ndefu za farasi zinazoyumba mtu akipiga hatua. Baba mkwe amepiga zumari ya mfuko katika bendi ya mji wao tangu ujana, na anazo zote tatu. Ya jioni ni ya ngozi ya sili, ya tangu enzi za baba yake. Hiyo hasafiri nayo kwenda Marekani, kwa kuwa sheria ya huko ya mwaka 1972 hairuhusu kuingiza ngozi ya mnyama huyo. Mimi alitaka nivae ya mchana. "Tafuta fundi wa kweli," aliniambia. "Ngozi nzuri utamwachia mwanao."

Nilimwelewa, tena kuliko alivyodhani. Nimezaliwa Njombe. Baba yangu alibambua magome ya miwati katika mashamba ya Tanganyika Wattle, kampuni iliyoanza mwaka 1949. Gome huchemshwa, maji yake yakakaushwa yakawa unga wa kahawia, na unga huo husafirishwa kwenda kudabagha ngozi. Harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma. Baba alirudi nayo kila jioni kwenye shati. Nilipofungua mlango wa karakana ya fundi niliyeelekezwa, katika mji mdogo kaskazini ya Perth, ndiyo iliyonipokea. Fundi alikuwa mama, nikamwuliza ngozi yake imedabaghiwa kwa nini. Akajibu, kwa mimosa. Mimosa ndilo jina ambalo wafanyabiashara wa ngozi wa Ulaya hutumia kwa miwati yetu. Nikamsimulia habari za baba. Akaweka sindano chini, akanivutia kiti.

Alinifundisha karibu saa nzima, bila kujua kama nitanunua. Aliniwekea mezani vipande vitatu, akanitaka nivikunje. Ngozi ya ng'ombe ni nene, mashine huipasua matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo imara. Nyuzinyuzi zake zimesongana, na ukilikunja linajikunyata kidogo kisha linarudi. La chini ni legelege. Wanaotaka faida ya haraka hulipaka plastiki na kulipiga chapa ya vinyweleo lifanane na la juu. Kipande cha tatu hakikuwa ngozi hasa, kilikuwa mabaki na vumbi la ngozi vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Kilipokunjwa kilitoa ufa mweupe.

"Usitazame uso," akasema. "Tazama ukingo."

Ukingo wa kazi yake ulikuwa wazi, nyuzinyuzi zinaonekana toka juu hadi chini, umesuguliwa kwa nta mpaka umekuwa kama ukucha. Akanigeuzia mshono. Alishona kwa uzi mmoja wa kitani na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, hivyo uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani inabaki imeshika. Cherehani haishoni hivyo. Ina nyuzi mbili zilizonasana katikati ya ngozi, na mmoja ukilika, wa pili unateleza. Mwisho akanionyesha mgongo wa sporani, mahali ambapo wanunuzi wengi hawageuzi kabisa. Hapo pana vitanzi viwili vya kupitishia mkanda na cheni, navyo ndivyo vinavyobeba uzito wote. Vya kwake vilizama ndani ya ngozi ya mgongo na kushonwa pande zote. Kwenye sporani za bei rahisi, alisema, utakuta ribiti moja imegongwa kila upande.

Bei yake ilikuwa pauni 280, kiasi kile kile nilichokuwa nacho mfukoni, na kungoja miezi mitatu. Nikasema nitarudi. Akanipa kadi yake.

Sikurudi. Nilikwenda Edinburgh, kwenye duka la watalii, nikachukua iliyong'aa kuliko zote. Niligeuza mgongo, nikaziona ribiti. Niliupitisha ukucha kwenye ukingo, nikakuta rangi nene nyeusi. Yote niliyofundishwa niliyaona, nikalipa. Pesa iliyobaki nilijiambia itasaidia nauli ya mama kuja harusini, lakini nauli ya mama ilikuwa imeshalipwa. Nilinunua simu.

Asubuhi ya harusi baba mkwe alinivalisha mwenyewe. Alifunga mkanda, akapima upana wa kiganja chini ya bizimu, akairekebisha cheni hadi sporani ikakaa sawasawa. Halafu akaishika kwa chini, kama mtu anayepima embe, akauliza: "Kazi ya nani hii?" Nikalitaja jina la yule mama. Lilikuwa karibu, kadi yake ilikuwa bado kwenye pochi yangu. Akatikisa kichwa taratibu, akasema nimependeza.

Usiku, katika ngoma zao za kushikana mikono na kuzungushana, niliisogeza nyongani kama wanavyofanya wote isinipige. Ribiti moja ikang'oka. Mkoba ukaning'inia upande mmoja, mshono ukafumuka kutoka pembeni hadi chini, funguo zikamwagika sakafuni. Baba mkwe aliinama akaokota. Alisimama chini ya taa akiigeuza nyuma na mbele, na nilimwona akiutazama ukingo. "Nilimjua mama huyu kwa kazi safi," akasema. "Ameharibika lini?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Muziki ulikuwa mkubwa, watu wamelewa furaha, neno moja sikioni mwake lingetosha. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo uongo wangu ukaanza kutembea kwa miguu ya mtu mwingine, mtu ambaye kila mmoja humwamini. Mwanangu alipofika miaka minne, babu yake alitupeleka Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, kumwonyesha kifungio cha sporani cha shaba na chuma kilichofichwa bastola nne ndogo ndani yake, ili mwizi akikifungua bila kujua namna, afyatukiwe. Walter Scott aliandika habari za mkoba wenye ujanja wa aina hiyo katika riwaya yake Rob Roy. Mtoto alikodoa macho. Mzee akamwambia: "Mafundi wa zamani walifikiri. Siku hizi hata kitanzi hawajui kushona. Muulize baba yako." Mtoto akaniangalia, nami nikayakwepa macho yake.

Kibaya zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Bendi ilipokea vijana 9 wapya waliohitaji sporani. Kamati ilikutana sebuleni kwa baba mkwe, mimi nikipitisha chai. Mjumbe mmoja alilitaja jina la yule mama. Baba mkwe akasema hapana, akasimulia habari ya harusi yangu, ribiti, mshono, funguo sakafuni. Kisha akanigeukia: "Huyu hapa mkwe wangu, muulizeni."

Wakaniangalia wote. Nikaitika kwa kichwa.

Sikusema hata neno, na sijawahi kusema uongo mzito kuliko ule. Oda ilikwenda kwingine.

Majira ya baridi yaliyopita nilipita mtaa wa ile karakana. Yule mama alikuwa mlangoni akifagia theluji. Akanitambua. "Mtu wa miwati!" akaita. Aliuliza kama baba yangu bado yu hai, akauliza kama nilipata sporani. Nikasema ndiyo. Akasema amefurahi. Aliifuta mikono yake kwenye aproni akanipa mkono, nao ulinuka Njombe. Sikuweza kuendesha gari kwa muda.

Jioni ile nilikwenda kwa baba mkwe nikamweleza yote, tangu saa nzima ya karakana hadi simu. Nilimwekea pauni 235 mezani. Hakuzigusa. Alitaka sporani yenyewe. Alichukua kisu kidogo, akakata ukingo, akaufungua kwa kidole gumba: ndani palikuwa pa kijivu, panavunjika kama kadibodi iliyolowa na kukauka. Alikaa akiyatazama yale makombo juu ya kitambaa cha meza. "Mwanangu," akasema, "mimi nimelisema jina lake kwa watu wangapi?" Kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja.

Asubuhi tulikwenda wote wawili. Mama yule aliisikiliza habari yangu akiwa amesimama. Alipokea ile sporani, akaikunja, akainusa, akaiweka benchini mbali na kazi zake. Mimi hakuniambia kitu. Alimgeukia baba mkwe. "Uliishika mkononi," akamwuliza, "ukaamini nimetengeneza mimi?"

Mzee alivua kofia. "Niliamini," akasema.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye mazoezi ya bendi, kwenye ukumbi wao wenye baridi. Niliomba nafasi kabla zumari hazijajazwa upepo. Nilieleza nilikonunua, kwa bei gani, na kwamba siku ile nilipoitika kwa kichwa nilikuwa najua ukweli. Kisha nikawapa ile sporani ipite mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea aliigeuza mgongo kwanza, akatazama ribiti, halafu ukingo, pale kisu kilipopita. Ilipomaliza mzunguko, nililitaja jina la fundi. Mzee mmoja mwenye masikio mazito alikuwa ameketi nyuma kabisa, naye alikuwa mmoja wa wale waliokuwa sebuleni. Nikamfuata hadi kwenye kiti chake, nikainama, nikalitaja tena.