Akaunti iliyogoma kuhifadhi

Msuli umekolea hapa chuoni, na mradi wa mwaka wa mwisho ndio usiseme.

Kundi letu tuko watano. Kazi tunagawana kwenye programu ya kusimamia miradi, na mwalimu anatoa alama kwa kuangalia humo nani kafanya nini. Sasa dada mmoja kabadilisha jina na barua pepe, kabonyeza Hifadhi, ukurasa ukarudi na anwani ileile ya zamani. Mara tatu! Taarifa za kazi hazimfikii, na watu wakaanza kumwita mtegeaji.

Jana usiku mimi na yeye tukafungua logi ya seva. Jibu lilikuwa pale: MySQL imekataa herufi. Jina jipya alilipamba kwa emoji ya ua. Ile seti ya herufi inayoitwa utf8 kwenye MySQL haipokei herufi inayozidi baiti 3, na ua lile linataka 4. Kwa vile fomu huhifadhiwa kwa mkupuo, jina likikataliwa, barua pepe nayo imekwama. Na ukurasa kimya, hausemi kitu!

Dawa ni utf8mb4, iliyokuja na toleo la 5.5.3 mwaka 2010. Tukachukua nakala ya data kwanza, tukabadili jedwali la watumiaji na muunganisho wa programu. Ikakubali.

Kinachoniuma ni lile jina la mtegeaji. Programu ikinyamaza, lawama anabeba mtu. Jamani, tusome logi kwanza, ndipo tusemane. Haya, narudi kwenye msuli.