Mtoto wa vidonge vya kila siku akianza kutapika (Sehemu ya 3)

Jana niliwaelezea tezi za adrenali, vile vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo kama kofia. Baada ya hapo wengi mmeniandikia swali moja: "Nesi, mwanangu anakunywa haidrokotisoni kila siku na yuko vizuri tu, sasa hatari iko wapi?"

Hatari iko siku atakayougua kitu kingine. Malaria, kuhara, nimonia, mkono kuvunjika. Wewe ukipata homa, tezi zako zinaongeza kotisoli zenyewe, wala hujui. Hiyo kotisoli ndiyo inayosaidia presha isianguke na sukari isishuke kwenye damu. Mtoto ambaye tezi zake hazifanyi kazi hana pa kuongezea. Ana kile tu ulichompa asubuhi. Homa ambayo mtoto wa jirani analala nayo siku mbili kisha anarudi kucheza, huyu wako inaweza kumwangusha ndani ya saa chache.

Ndiyo maana madaktari huagiza dozi iongezwe akipata homa, mara nyingi mara mbili au mara tatu ya ile ya kawaida, mpaka apone, kisha mnarudi palepale mlipokuwa. Kiasi cha mwanao akiandike daktari wake, tena akiandike sasa mtoto akiwa mzima, siyo saa nane za usiku uanze kutafuta namba za simu. Najua wamama wanaogopa kuongeza kwa sababu wamesikia steroidi ni mbaya. Jamani, kwa siku chache za ugonjwa, kuzikosa ndiko kunakoua.

Sasa kutapika. Kidonge kilichotoka na matapishi hakijafanya kazi. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mpe tena. Akitapika na hicho, usihangaike na cha tatu, anahitaji sindano ya haidrokotisoni, na safari ya hospitali ianze. Vivyo hivyo ukiona amelegea, haamki vizuri, mikono na miguu ya baridi, tumbo linamuuma, anaongea visivyoeleweka, au amepata degedege. Nyumbani tutasema malaria imepanda kichwani. Na kipimo cha malaria kinaweza kweli kusoma chanya! Malaria ipo na hili nalo lipo, yote mawili yatibiwe, lakini sindano haingoji majibu ya maabara.

Kuna mama alikuja zamu yangu ya usiku na kijana wake mgongoni. Kituo alikopitia kwanza waliambiwa wakae foleni wasubiri vipimo. Kwetu hakukaa. Alisimama mbele ya meza, kadi mkononi, akasema: "Mwanangu ana upungufu wa homoni za adrenali, anatapika, anahitaji haidrokotisoni sasa hivi." Wenzangu wengine walimwona mjuaji. Mimi nilifurahi, maana alituokolea nusu saa ya kuulizana maswali. Sindano ikaingia, dripu ya chumvi na sukari ikafuata, na kulipokucha kijana anadai chai.

Sentensi ile ya yule mama, ijue kwa moyo, na baba ajue, na dada wa kazi ajue, na mwalimu pia. Iandikeni kwenye kadi ya mtoto pamoja na dozi ya dharura. Kwa kawaida ni miligramu 25 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, 50 kwa wa mwaka 1 hadi 5, na 100 kuanzia miaka 6 hadi mtu mzima. Mshipa usipopatikana haraka, inachomwa kwenye msuli wa paja. Ikitokea amechomwa dozi hiyo moja na kumbe haikuwa lazima, haitamdhuru.

Msidhani ni watoto tu. Daktari Thomas Addison wa London aliandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1855, na kwa miaka mingi kifua kikuu ndicho kilichokuwa kinaharibu hizi tezi zaidi. Bado kinafanya hivyo. Na yupo bibi aliyemeza predinisoloni miezi mingi kwa ajili ya pumu: tezi zake zimelala, vidonge vikiisha Ijumaa na duka limefungwa, Jumapili anaweza kuwa hoi. Nunueni kabla havijaisha.

Mjamzito mwenye tatizo hili, sema kliniki mapema ili iandikwe kwenye kadi yako. Uchungu wa kuzaa na upasuaji vinahitaji dozi ya ziada.

Kesho, Mungu akipenda, sehemu ya 4: vile vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa kwa ajili ya kunenepa. Mnaovimeza muda mrefu, msivikatishe ghafla usiku huu kwa sababu ya maneno yangu. Nendeni kwanza mkaonane na daktari.