Ndugu wa Mwangati Alalaye Chini

Mtu aliyekulia milima ya Usambara huujua mwangati kuwa ni mti wa kuinuliwa macho. Hufika mita 30 na zaidi, mbao zake hunukia, na mchwa hawazipendi. Kwa hiyo nilistaajabu nilipofika kisiwa cha Mount Desert, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nikaonyeshwa ndugu yake amelala kifudifudi juu ya majabali ya pwani.

Huko upepo wa Atlantiki huvuma na chumvi yake, na wakati wa baridi theluji hutanda juu ya nchi. Junipa hii haisimami ikapambana nao, hutambaa. Kimo chake ni kama shibiri moja au mbili, ilhali matawi huweza kuenea mita mbili na zaidi, yakitoa mizizi yanapogusa udongo. Majani ni ya kijani chenye ubuluu. Baridi ikizidi hugeuka zambarau, wala hayapukutiki.

Watunza bustani hawakuchelewa kuitamani. Aina iitwayo Bar Harbor ilitoka kisiwani humo. Ile ya Wiltonii, iliyo bapa kama mkeka, ilipatikana mwaka 1914 katika kisiwa cha Vinalhaven, pwani hiyo hiyo. Siku hizi hupandwa hasa kwenye miteremko mikali ambako kufyeka nyasi ni taabu, nayo hushika udongo usichukuliwe na mvua.

Mzee mmoja alinionyesha mteremko wa nyumbani kwake, umefunikwa wote. Lakini kando ya ngazi palikuwa na pengo la rangi ya kahawia, kama zulia lililoungua.

"Hapo niliharibu mwenyewe, bwana," akasema.

Alipopanda alikuwa na haraka ya kuona ardhi imefunikwa, akaweka miche hatua moja moja badala ya mita moja na nusu. Miaka ilipopita ikameza ngazi. Akaikata hadi kwenye matawi makavu, na junipa haichipui tena mahali pasipo na majani.

Jua la kutwa inalitaka. Maji yakituama, mizizi huoza. Tena miaka ya mwanzo magugu hung'olewa kwa mkono, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi iwashindayo wengi.

Tulipoagana mzee alikuwa amepiga magoti penye pengo lile, mbali na ngazi safari hii, akipanda mche mmoja.

"Mke wangu ataka miwili," akanong'ona.