Nyumba ya Bibi Imebadilika Mara Nne (Sehemu ya 6)

Niliahidi leo kuongelea homa za watoto za usiku. Ahadi iko palepale, ila nitaanzia kwenye nyumba. Vumilia kidogo, utaona kwa nini.

Kwetu ni kijijini Shinyanga. Nyumba ambayo bibi aliingia kama bi harusi ilikuwa msonge: duara la fito na udongo, paa la nyasi lililoshuka chini, mlango wa kuinama, dirisha hakuna. Mji mzima ulizungushiwa minyaa. Ndama walilala ndani na moto ukawaka karibu na kitanda. Usiku wa baridi palikuwa pazuri. Lakini moshi ule bibi aliuvuta miaka yote, na kikohozi chake sisi wajukuu tulikizoea tukadhani ni cha uzee tu.

Nyumba ya pili ilikuja na Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 watu walihamishwa, wakapangwa mstari kando ya barabara. Babu akajenga ya pembe nne, matofali mabichi, vyumba viwili. Paa bado nyasi, ila miti ya kuezekea ilikuwa shida. Misitu ya Shinyanga ilishafyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, halafu mashamba ya pamba yakaongezeka. Ndiyo maana mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, kurudisha miti na ngitili.

Ya tatu niliijenga mimi, na hapa sijisifu.

Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, nikabana mshahara, nikanunua bati. Fundi akaniuliza, "Dada, hapa juu tuzibe?" Ile nafasi kati ya ukuta na bati. Nikamjibu acha, hewa ipite, na hela imeisha. Nyavu za madirisha nikasema mwakani. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la familia. Nilipongezwa sana!

Mvua zilipokuja, mtoto wa wifi yangu, miaka miwili, akaletwa hospitali viganja vimepauka kabisa. Malaria kali. Akaongezewa damu. Tunamshukuru Mungu alipona. Wifi hakunilaumu, alisema tu, "Wifi, mle ndani mbu wanaingia kama wana funguo." Mimi, nesi, ninayewafundisha wenzangu kliniki!

Sikiliza mama. Mbu wa malaria akigonga ukuta hupanda juu, na upenyo wa chini ya paa ndio mlango wake. Utafiti wa Gambia uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani, au dari la wavu, ziliingiwa na mbu karibu nusu tu ya wale wa nyumba za kawaida, na watoto wake walipungukiwa damu kwa uchache. Chandarua kinabaki palepale. Hivi ni viwili vinavyosaidiana.

Tulirudi tukaziba juu kwa udongo, tukaweka nyavu. Nikadhani nyumba imekamilika.

Mabadiliko ya nne aliyaleta kaka. Alikuwa machimboni Geita, akarudi na hela, akaongeza chumba kilichoungana na jiko. Sakafu ya saruji, mlango wa kufuli. Siku moja nikakuta humo kikaango kimeungua na kichupa cha zebaki. Nikajua. Alikuwa anachomea dhahabu ndani ya nyumba, na wifi ana mimba ya miezi mitano.

Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke. Huuoni, lakini mnauvuta, na mwingine unatua ukutani na kwenye vyombo. Kwa mwenye mimba unamfikia mtoto tumboni na kudhuru ubongo unaokua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka kuchoma zebaki kwenye makazi kukomeshwe.

Tuligombana. Kaka akasema, "Chumba nimejenga kwa hela yangu." Nikamwambia, "Na mimi paa nilijenga kwa hela yangu. Unakumbuka lilimfanya nini mwanao?" Akanyamaza. Siku ya tatu akaondoa vitu vyake vyote. Wifi alijifungua salama, lakini bado namfuatilia mtoto, anavyokaa, anavyotamka. Chumba kile kina kufuli mpaka leo, halali mtu.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, angalia nyumba yako. Juu ya ukuta pana upenyo? Mnapikia wapi, na moshi unatokea wapi? Na kama baba yuko machimboni, muulize kwa upole dhahabu inachomewa wapi, na nguo zake za kazi zisichanganywe na za mtoto.

Usisubiri hela ya nyumba mpya. Udongo wa kuziba upenyo hauuzwi dukani.

Sehemu ya 7 sasa ndiyo homa yenyewe: dalili za hatari, na wakati wa kukimbia hospitali. Nesi wenu.