Isiolo Wakati wa Sikukuu: Lango la Kaskazini na Majira ya Kulipita

Kila mwaka ifikapo wiki ya pili ya Desemba, vituo vya mabasi vya Nairobi hujaa watu hata pa kuweka mguu hapapatikani. Shule zimefungwa, ofisi nyingi zakaribia kufungwa, na kila mwenye akiba kidogo ataka kuwapeleka watoto wake mahali wakabadili hewa. Wengi huelekea pwani. Wengine hurudi kwao mashambani. Wanaoulizia gari la Isiolo ni wachache, na wengi wa hao ni wenyeji wanaokwenda kuwaona wazee wao. Jambo hili lashangaza, kwa maana Isiolo si mbali. Ni mwendo wa karibu kilomita 280 kutoka Nairobi, na mtu aliyepanda gari alfajiri aweza kula chakula cha mchana huko. Lakini hofu ya zamani haitoki moyoni kwa siku moja, na hofu ya Isiolo ina asili yake.

Sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali iliipa serikali ya wakoloni uwezo wa kuifunga wilaya nzima, hata mgeni asiingie bila cheti. Baadaye Isiolo ikawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake tatu, NFD. Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Mtu aliyetoka Meru au Nyeri aliweza kufika mjini, lakini kwenda mbele kulihitaji karatasi yenye muhuri, na asiyekuwa nayo alirudi alikotoka. Wenyeji wa kaskazini nao hawakuruhusiwa kushuka kusini wapendavyo.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na watu wakakesha kwa ngoma na nyimbo. Siku 16 baadaye, tarehe 28 Desemba, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini kwa sababu ya vita vya shifta. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Hivyo kwa muda wa karibu miaka 30, wakati Wakenya wengine walipokuwa wakisherehekea Desemba yao, ndugu zao wa kaskazini waliishi chini ya sheria nyingine. Haifai basi kumlaumu mzee wa Nairobi ambaye hata leo, akisikia mwanawe ataka kwenda Isiolo kwa mapumziko, humwuliza, “Huko kuna nini?”

Jibu la kwanza ni njia yenyewe. Gari hupita Thika na Karatina, huvuka mstari wa Ikweta karibu na Nanyuki, kisha hupanda Timau penye mashamba makubwa ya ngano, Mlima Kenya ukiwa mkono wa kulia. Hapo baridi ni kali na abiria hufunga madirisha. Halafu njia huinama ghafula. Katika muda usiotosha kumaliza mazungumzo, ngano hubaki nyuma, migunga huanza, na koti lililovaliwa Timau huvuliwa. Chini kabisa, penye joto na vumbi jekundu, ndipo ulipo mji wa Isiolo.

Mji huu ni soko la watu wengi. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru huuza na kununua katika barabara moja. Kanzu hupishana na shuka, na buibui hupishana na shanga. Miongoni mwa Wasomali wapo ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa mahali pa kukaa hapa baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Mgeni huagiza pilau au nyama ya ngamia, na akitaka kitu cha kupeleka nyumbani hununua nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ambayo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Chai hupikwa kwa maziwa ya ngamia. Maziwa hayo hukusanywa na akina mama, hutiwa katika madumu, na hupakiwa katika mabasi yaendayo Eastleigh, Nairobi. Basi lililomleta mgeni huenda likarudi limechukua maziwa.

Sasa, mtu atakaye kwenda Isiolo kwa fedha chache na moyo mweupe hana budi kujua ya kuwa huko hutumika kalenda tatu: kalenda ya ofisi, kalenda ya mwezi, na kalenda ya mvua. Asomaye moja tu hulipa zaidi au huona kidogo.

Kalenda ya ofisi ndiyo ijulikanayo na wote, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyo ghali. Shule hufungwa Aprili, Agosti, na mwishoni mwa mwaka, na watu wote hutoka pamoja. Nauli hupanda wiki ya Krismasi. Hoteli za kitalii zilizo katika hifadhi za wanyama karibu na Isiolo huweka bei ya juu tangu Julai hata Oktoba, na tena Krismasi na Mwaka Mpya, kwa kuwa wageni kutoka ng'ambo huja miezi hiyo. Jumamosi ya mwisho ya Juni pia ni ya kuangaliwa, kwa maana ndiyo siku ya mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 katika hifadhi iliyo karibu na njia ya Isiolo. Vyumba vya jirani hukamatwa mapema. Kinyume chake, Aprili, Mei na Novemba, mvua inapotazamiwa, bei hushuka, na matangazo huanza kutolewa: lala siku tatu ulipe mbili, au watoto wasilipe.

Matangazo hayo si uongo, lakini yafaa yasomwe kama barua ya deni, mstari kwa mstari. Bei ikiandikwa kuwa ni ya mtu mmoja, mara nyingi maana yake ni mtu mmoja kati ya wawili walalao chumba kimoja. Ajaye peke yake huongezewa. Yafaa kuuliza kama chakula kimo katika bei hiyo, kama gari la kutazamia wanyama limo, na kama ada ya lango imo, kwa maana mara nyingi haimo. Mwenye kitambulisho cha Kenya hutozwa langoni ada ndogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Aliyekisahau nyumbani asishangae akiombwa ya mgeni. Na kabla ya kutoa fedha za kwanza yafaa kuuliza kama zitarudishwa iwapo mto utafurika. Aulizaye haya kwa upole haonekani bahili. Huonekana mtu ajuaye hesabu.

Kalenda ya pili ni ya mwezi. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Isiolo, sikukuu kubwa ni Idi, na Idi haikai mahali pamoja. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, kwa hiyo mwaka 2000 Idi-ul-Fitri ilisherehekewa mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, na Idi ikafuata tarehe 10 Aprili, hata mwenye likizo ya wiki mbili aliweza kula sikukuu zote mbili. Siku yenyewe haithibitiki mpaka mwezi uandame, kwa hiyo mwenye busara hakati tikiti ya kurudi kwa saa iliyobana.

Ajaye ndani ya Ramadhani ajue ya kuwa mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na si adabu kula njiani mbele ya waliofunga. Lakini jua likizama, mji huamka. Tende, uji na sambusa hutolewa, na mgeni aliyeketi karibu hukaribishwa bila kuulizwa dini yake. Asubuhi ya Idi watu huenda kuswali wamevaa nguo mpya. Halafu hutembeleana nyumba kwa nyumba, na watoto hukusanya vijisenti. Idi ya kuchinja, ijayo miezi miwili na zaidi baadaye, huonekana kwanza katika soko la mifugo, bei ya mbuzi ipandapo siku chache kabla. Hakuna hoteli inayouza mambo haya kwa bei ya msimu. Hupatikana kwa kuwa na rafiki mwenyeji, au kwa kusalimu vizuri.

Kalenda ya tatu, ya mvua, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba ni za Kaunti ya Isiolo, na ile ya Samburu iko ng'ambo ya pili ya mto Ewaso Ng'iro. Wakati wa kiangazi, tangu Julai hata Septemba, na tena Januari na Februari, maji hukauka kwingineko na wanyama huufuata mto. Hapo mtu aweza kuona ndovu wakivuka pamoja na watoto wao, na wanyama ambao hawaonekani katika hifadhi ya Maasai Mara: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye mabaka yaliyopangika kama wavu, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kibuluu, na swala twiga asimamaye kwa miguu miwili ili ale majani ya juu.

Mvua ikinyesha, majani huota kila mahali na wanyama hutawanyika. Nchi huwa ya kijani na ndege ni wengi, lakini aliyekwenda kwa ajili ya ndovu huenda akarudi na picha za miti. Ndiyo sababu bei ni ndogo. Na mara nyingine sababu ni kubwa zaidi. Machi 2010 Ewaso Ng'iro ulifurika usiku ukaharibu hoteli na kambi zilizokuwa ukingoni, na mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yalienea Kenya hata shule zikachelewa kufunguliwa. Apandaye gari la bei nafuu mwezi wa Aprili hana budi kuuliza habari za mto kwanza. Kadhalika, mwezi wowote ule, msafiri auliza habari za usalama kwa polisi na wenyeji kabla ya kwenda mbali na njia kuu, kwa sababu wizi wa mifugo haujakoma katika baadhi ya sehemu.

Sifa za nchi hii zilitangulia kufika Ulaya na Marekani kabla ya kufika Nairobi. George Adamson alikuwa bwana nyama wa Isiolo, na simba jike Elsa, aliyezaliwa mwaka 1956, alilelewa naye pamoja na mkewe Joy. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitolewa mwaka 1960, na watu wa nchi za mbali wakaanza kuulizia Isiolo. Wakati ule ule, kijana wa Meru, ambaye kwao ni mwendo wa saa chache tu, hakuweza kukipita kizuizi bila cheti. Mgeni alijua jina la simba, na jirani hakujua jina la jirani yake.

Leo kizuizi hicho cha cheti hakipo. Lori lililopakia ng'ombe, na abiria juu ya vyuma vyake, likisubiri msafara wa askari, lilikuwa ndilo gari la kaskazini kwa miaka mingi; lakini kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imekwisha kutandazwa kutoka Isiolo, kupitia Marsabit, hata Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Mwaka huo huo Isiolo ilifunguliwa kiwanja cha ndege. Njia ipo, wapitao kwa hiari yao ndio wachache.

Na uchache huo una hasara yake. Tangu mwishoni mwa 2020 hata mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na katika nchi kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Familia iliyokuwa na ng'ombe ikabaki na ngozi. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipowazuia wageni wa ng'ambo, hoteli za hifadhini zilipunguza bei na kuwaita Wakenya, na waliokwenda waligundua ya kuwa nchi yao ina mahali wasipopajua. Ada ya lango la Buffalo Springs au Shaba huingia katika mfuko wa kaunti. Shilingi inayonunua chai, nyirinyiri au ushanga mjini huingia mkononi mwa mwenye nacho, jioni ile ile. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” na Isiolo methali hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Basi mwenye watoto na akiba ndogo si lazima angoje wiki ya Krismasi na bei zake. Mwisho wa Agosti aweza kulala katika nyumba ya wageni mjini, akaingia hifadhini kwa siku moja na gari lililokodiwa na jamaa watatu au wanne kwa pamoja, akawaonyesha watoto ndovu mtoni, akarudi mjini kula. Au akiweza, aende Idi. Jioni mwezi ukiandama, watoto wa mji hukimbia barabarani wakipiga kelele kwa furaha, na watoto wa Nairobi, Nyeri na Meru waweza kukimbia nao. Upande wa kaskazini njia huendelea gizani kuelekea Archer's Post, na mtoto akiuliza yaelekea wapi, baba yake aweza kumjibu: “Huko pia ni kwetu. Mwakani tutafika.”