Nuru Katika Mkebe

Ndugu walimu, mwaka 1841 Talbot wa Uingereza alitangaza njia yake ya kupata picha hasi juu ya karatasi. Asili hiyo tumeifufua kwa mkebe wa majani ya chai, uliopakwa rangi nyeusi ndani, ukatobolewa kwa sindano na kutiwa karatasi yenye chumvi za fedha. Kule Tororo, Mwamba ulijichora kilele chini, kwa kuwa nuru hupita katika mstari mnyofu. Huku Busia mpakani, wapitao hawakuacha hata kivuli. Alibaki bibi mmoja tu, aliyetulia dakika nzima. Hakuwa na picha nyingine ya kuwaachia wajukuu wake, walio pande zote mbili. Na tuwafunze vijana utulivu huo, wazee wangalipo.