Kusasisha au Kungoja

Mimi ni mtu wa kungoja. Simu ikinijulisha kwamba kuna sasisho la kurekebisha hitilafu za mfumo, mkono wangu huenda penye "baadaye" kabla sijamaliza kusoma, na hiyo baadaye husogea mbele nami nikiisogelea. Huku Kisaju, kati ya Kitengela na Isinya, sababu hazikosekani. Faili kubwa kama ile hula bando, na stima ikipotea jioni, chaji iliyobaki unaitunza. Tena simu hii ndiyo inayonipitishia M-Pesa na kunihifadhia picha za watu ambao sitawapiga picha tena. Ikigoma kuwaka, nitamlilia nani?

Hofu hiyo ina msingi. Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi, ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikagoma duniani kote. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma. Nikaona basi, wangojao wana haki.

Lakini liko tukio jingine ambalo kila nikilirudia hunivuruga. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la kiusalama katika Windows. Mei 12 mwaka huohuo, programu haribifu ya WannaCry ikapenya katika tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Uingereza, hospitali ziliwarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka.

Nimechelewa kuelewa kwamba kiraka kikishatoka, tundu nalo limetangazwa. Mjuzi mwenye nia mbaya huilinganisha programu ya zamani na mpya, akaona palipobadilishwa, akajua pa kupenyea kwa yule ambaye hajasasisha. Kwa hiyo simu niliyoiacha ilivyo haibaki ilivyo. Hatari yake inakua nami nimelala, hata kama ndani yake hakuna kilichoguswa.

Na madhara ya matukio yale mawili hayalingani. Zile kompyuta za 2024, kwa kazi nyingi ya mikono, ziliamshwa na mafaili yakakutwa humo. Wa 2017 ambao hawakuwa na nakala, wengi hawakuyaona mafaili yao tena. Nikilipima hilo, mizani inaelemea upande nisioupenda.

Bado sina uhakika wote. Simu ya zamani huweza kuwa nzito baada ya kusasishwa, na hilo si dogo kwa mtu ambaye hana ya pili. Kungoja siku chache, kusikia waliotangulia wanasemaje, naona ni busara, ila kama watengenezaji wenyewe wamesema wezi wameanza kulitumia tundu hilo. Zaidi ya hapo, siku chache zangu huwa miezi bila mimi kuamua. Wapo pia walioondolewa katika swali hili: simu nyingi za bei nafuu hutumiwa masasisho kwa miaka michache tu, kisha kimya.

Wewe ambaye simu yako bado inaletewa masasisho, weka nakala ya picha zako mahali pengine, andika namba muhimu kwenye karatasi, jaza chaji, kisha usasishe kabla wiki hii haijaisha.